Maneno 20,000 ya Kijerumani: hazina huria ya utambuzi wa maneno ianzie wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Natokea Morogoro, nasoma shahada ya uzamili ya isimu nafsia huku Ujerumani. Kikundi chetu kimepewa kazi ya kupanga hazina kubwa ya data itakayoonyesha mtu huchukua muda gani kulitambua kila neno la Kijerumani, na data yote iwe wazi kwa yeyote anayeitaka. Tunafikiria maneno 20,000. Wenzangu wanabishana kuhusu programu na seva, lakini mimi nahisi kuna jambo kubwa zaidi linalotupita. Tuanze na nini? Tunahitaji watu wangapi? Na ni makosa gani yakishafanyika hayarekebishiki?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hisia yako ni ya kweli. Programu na seva mnaweza kubadilisha hata mara tatu, na hazina yenu isipungukiwe na kitu. Lakini orodha ya maneno ikishasomwa na mamia ya watu haibadilishwi tena, na jibu la mshiriki likishafutwa halirudi. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye orodha, kidogo kwenye hesabu ya watu, na mitambo nitaipita haraka.

Kwa faida ya wasomaji wengine, kazi yenyewe iko hivi. Mshiriki anakaa mbele ya skrini. Inatokea alama katikati, kisha msururu wa herufi, tuseme Fenster, yaani dirisha. Akiona ni neno anabonyeza kitufe kimoja, akiona si neno anabonyeza kingine. Halafu linakuja Fonster, ambalo halipo katika Kijerumani. Kompyuta inaandika alibonyeza nini na baada ya milisekunde ngapi. Msomaji mzuri hulijibu neno la kawaida ndani ya sekunde moja, mara nyingi chini yake sana, na neno adimu humchelewesha kidogo. Vipande hivyo vidogo vya muda, vikikusanywa kwa maneno maelfu, vinatuonyesha namna akili inavyotafuta neno miongoni mwa maelfu inayoyajua.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa vijaribio vidogo. Mtafiti anachagua maneno 40 yanayotumika sana na 40 adimu, anajitahidi yalingane kwa urefu na idadi ya silabi, anawaita wanafunzi wake, anachapisha. Shida ni kwamba anayechagua maneno ni msomaji wa lugha hiyohiyo, na moyo wake unajua ni lipi litajibiwa haraka. Mwaka 2000 Kenneth Forster aliliweka jambo hili kwenye mizani: aliwapa watafiti jozi za maneno yaliyolingana kwa idadi ya kutumika, akawauliza lipi katika kila jozi litajibiwa mapema zaidi. Walipatia kuliko mtu anayebahatisha. Maana yake ni kwamba mtafiti anaweza kupendelea dhana yake bila kudhamiria, kwa kuchagua tu maneno.

Dawa ikawa kuacha kuchaguachagua na kupima maneno kwa maelfu. Mradi wa Kiingereza ulioongozwa na David Balota ulichapishwa mwaka 2007: maneno 40,481 na maneno bandia, yaani misururu isiyo maneno kama Fonster, idadi hiyohiyo, washiriki zaidi ya 1,200 kutoka vyuo vikuu sita. Mwaka 2010 Wafaransa wakatoa wao wenye maneno 38,840, na Emmanuel Keuleers na wenzake wakatoa wa Kiholanzi wenye maneno 14,089. Mwaka 2012 ukafuata wa Kiingereza cha Uingereza, maneno 28,730.

Tazama kilichotokea baada ya data ya Kiingereza kuwekwa wazi. Kwa miongo kadhaa wanasaikolojia walikuwa wakichukua idadi ya kutumika kwa maneno kutoka kwenye hesabu ya Kučera na Francis ya mwaka 1967, iliyotokana na maandishi ya maneno milioni moja tu. Mwaka 2009 Marc Brysbaert na Boris New walichukua muda wa kujibu wa maneno yale maelfu, wakauliza: hesabu ipi inautabiri vizuri zaidi? Ile ya 1967 ikashindwa vibaya, na hesabu iliyotokana na manukuu ya filamu na tamthilia za televisheni, maneno milioni 51, ikaongoza. Waliojenga hazina hawakuijenga kwa ajili ya swali hilo. Hapo ndipo lilipo jambo unalohisi linawapita: mnajenga kwa ajili ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza bado. Kila uamuzi wenu upimeni kwa hilo. Je, unafungua mlango kwa mtu mwenye swali tusilolijua, au unaufunga?

Sasa orodha. Kijerumani hakianzi kwenye jangwa. Mwaka 1897 na 1898 Friedrich Wilhelm Kaeding alichapisha kamusi ya idadi ya maneno ya Kijerumani iliyotokana na maneno karibu milioni 11, yaliyohesabiwa kwa mkono na wasaidizi wengi, kwa ajili ya hati mkato. Leo mna korpasi, yaani makusanyo makubwa ya matini, tatu ambazo kila kikundi kama chenu kinapaswa kuzipitia. Ya kwanza ni SUBTLEX-DE ya mwaka 2011, iliyotokana na manukuu ya filamu, maneno milioni 25 na ushee. Ya pili ni dlexDB, iliyojengwa juu ya korpasi ya kamusi ya kidijitali ya Kijerumani DWDS huko Berlin, takriban maneno milioni 100 ya karne ya 20. Ya tatu ni childLex ya mwaka 2015, iliyotokana na vitabu 500 vya watoto, maneno karibu milioni 10. Msichague moja. Chukueni maneno kutoka zote tatu, na katika hazina kila neno libebe hesabu zake zote, kwa sababu lugha ya filamu, ya gazeti na ya kitabu cha mtoto hazifanani.

Angalieni pia ukubwa wa korpasi mnapofika kwenye maneno adimu. Neno linalotokea mara moja katika kila maneno milioni litaonekana mara 25 hivi katika SUBTLEX-DE, na hiyo inatosha kuaminika. Lililo adimu mara kumi zaidi ya hapo litaonekana mara mbili au tatu, na pengine zote ndani ya filamu moja. Mkichagua maneno adimu kwa namba hiyo peke yake, mtakuwa mmechagua kwa bahati.

Baada ya hapo mtakutana na swali zito kuliko yote katika Kijerumani: neno ni nini? Miradi ya Kiholanzi na ya Uingereza niliyoitaja ilijifunga kwenye maneno ya silabi moja na mbili. Kwa Kijerumani naona hilo ni kosa. Kijerumani huunga nomino juu ya nomino bila kuacha nafasi, na maneno hayo ambatani ndiyo moyo wa msamiati wake. Chukua Haustürschlüssel: Haus nyumba, Tür mlango, Schlüssel ufunguo. Katika korpasi neno zima linaweza kuonekana mara chache sana, ilhali kila Mjerumani analisoma bila kukwama, kwa kuwa sehemu zake tatu anazikuta kila siku. Ukiweka neno hilo na idadi yake peke yake, mchambuzi atashangaa kwa nini neno adimu lenye herufi 16 limejibiwa haraka hivyo. Wekeni maneno ambatani kwa wingi, na kila moja liwe na safu za ziada: limegawanyika wapi, sehemu zake ni zipi, kila sehemu inatumika mara ngapi peke yake, na ni maneno mangapi mengine yanaanza au kuishia na sehemu hiyo.

Safu ya mgawanyiko ijazwe na binadamu. Programu za kugawa maneno zinasaidia, lakini Staubecken inaweza kugawanyika Stau na Becken, likawa bwawa la kuhifadhia maji, au Staub na Ecken, zikawa pembe zenye vumbi. Wachstube nalo ni chumba cha walinzi au ni tyubu ya nta. Maneno ya aina hiyo msiyaondoe kwa kuona ni usumbufu. Yaacheni na muyawekee alama, maana kuna mtu siku moja atayahitaji hayohayo na hatayapata kwingine.

Kisha kuna herufi kubwa. Kijerumani huanza kila nomino kwa herufi kubwa, na wakati mwingine hiyo ndiyo tofauti pekee machoni: arm ni maskini, Arm ni mkono, weg ni kutokuwepo, Weg ni njia, na kwa hii jozi ya pili hata matamshi ni tofauti. Mna njia tatu na kila moja ina gharama. Mkionyesha kila kitu kwa herufi ndogo, nomino zote zitakuwa zimeandikwa kwa makosa mbele ya Mjerumani, na mtapima mshtuko wake badala ya usomaji wake. Mkitumia herufi kubwa tupu, Masse, yaani uzito au wingi, na Maße, yaani vipimo, yote yataandikwa MASSE kwa desturi ya kawaida, na alama iliyowatenganisha imepotea. Njia ya tatu ni kuandika kama kitabuni: nomino kwa herufi kubwa mwanzoni, vitenzi na vivumishi kwa ndogo. Mimi nasimama na hiyo ya tatu bila kusita, ila kwa sharti moja. Maneno bandia nayo yagawanywe kwa uwiano uleule. Kama nusu ya maneno yenu halisi yanaanza kwa herufi kubwa, basi na nusu ya bandia yaanze hivyo, ama sivyo herufi ya kwanza itamwambia mshiriki jibu kabla hajasoma.

Jozi kama arm na Arm mshiriki mmoja asizione zote mbili. Ziwekeni kwenye orodha tofauti.

Tahajia nayo mwamue mapema. Mabadiliko ya mwaka 1996, yaliyorekebishwa tena 2006, yaligeuza daß kuwa dass na maneno mengi ya aina hiyo. Korpasi yenye maandishi ya karne ya 20 imejaa tahajia ya zamani, kwa hiyo unganisheni hesabu za tahajia zote mbili kabla ya kuchagua, lakini onyesheni tahajia ya sasa. Waswisi hawaandiki ß kabisa. Na msamiati wenyewe unatofautiana: Januari ni Januar kwa Mjerumani, kwa Mwaustria ni Jänner, baiskeli ni Fahrrad, kwa Mswisi ni Velo. Hilo si tatizo hata kidogo mkimuuliza kila mshiriki amekulia wapi. Ni utajiri, kwa sababu mtu ataweza kuona neno moja likitambuliwa haraka Vienna na polepole Hamburg.

Naja kwenye maneno bandia. Hapa ndipo hazina nyingi nzuri zinapovuja, na ningependa usome sehemu hii polepole.

Mshiriki ni mwerevu kuliko tunavyodhani. Anaona maelfu ya misururu ya herufi kwa saa kadhaa, na akili yake, bila yeye kuambiwa, inatafuta njia ya mkato. Kama maneno bandia ni marefu kidogo kuliko halisi, ataanza kujibu kwa urefu. Kama yana miungano ya konsonanti isiyo ya kawaida, atajibu kwa sura tu. Akifanya hivyo muda wa kujibu hauelezi tena utambuzi wa neno. Unaeleza jinsi maneno bandia yalivyotengenezwa vibaya. Na huwezi kulisafisha hilo baadaye kwa takwimu, maana limeingia ndani ya kila jibu, ya maneno halisi na ya bandia.

Tumieni programu ya Wuggy, ambayo Keuleers na Brysbaert waliitoa mwaka 2010 na ambayo inajua Kijerumani. Unaipa neno halisi, inalivunja katika vipande vya silabi, inabadilisha baadhi ya vipande kwa vingine vinavyopatikana katika lugha hiyo, kwa namna ya kutunza urefu, idadi ya silabi na wepesi wa miungano ya herufi. Kila neno halisi litakuwa na pacha wake wa bandia. Lakini msiiachie kazi yote. Badilisha vokali ya Tisch, yaani meza, upate Tusch, na umeshatoka kwenye bandia: Tusch ni mlio wa shangwe unaopigwa na bendi. Badilisha konsonanti ya Lampe upate Wampe, na hilo ni kitambi. Fater halimo kwenye kamusi yoyote, ila likisomwa kwa sauti ni Vater, baba, herufi kwa herufi kimatamshi. Likiwemo mtapata kusitasita kusikotokana na mlichotaka kupima. Kwa hiyo bandia zote zipite mbele ya macho ya Wajerumani watatu au wanne, wa mikoa tofauti, pamoja na kukaguliwa na kamusi kubwa.

Maneno ambatani yana mtego wake. Mtu mvivu angetengeneza bandia kwa kuunga maneno mawili halisi yasiyozoeana, mfano Regentisch, mvua na meza. Lakini Kijerumani kinamruhusu msemaji kubuni neno kama hilo asubuhi na likaeleweka jioni. Mshiriki atakayejibu kwamba ni neno hajakosea. Bandia za ambatani zitengenezwe kwa kuharibu angalau sehemu moja, na sehemu inayoharibiwa iwe ya mwanzo mara nyingine na ya mwisho mara nyingine, ili asijifunze kuangalia upande mmoja tu.

Kuna kipimo cha kujua kama orodha inavuja kabla hamjamlipa mtu hata senti. Keuleers na Brysbaert walikieleza mwaka 2011. Kompyuta inapitia orodha kwa mpangilio ambao mshiriki angeuona. Kwa kila msururu inatazama ile iliyokwisha kupita, inatafuta iliyofanana nao zaidi kwa herufi, inahesabu ni mingapi kati yake ilikuwa maneno na mingapi bandia, inakisia. Haijui Kijerumani hata chembe. Kama inapatia zaidi ya nusu kwa kiasi cha kuonekana, basi kuna harufu kwenye orodha ambayo hata mshiriki ataisikia. Rudini kwenye bandia, zitengenezeni upya, pimeni tena. Hii ni kazi ya wiki chache, na nakusihi msiiruke hata kama profesa ana haraka.

Watu wangapi? Mradi wa Kiholanzi ulitumia 39 tu, lakini kila mmoja alijibu maneno yote na bandia zote, zaidi ya misururu 28,000, kwa vipande vya misururu 500, akirudi tena na tena. Ule wa Uingereza ulitumia 78, kila mmoja akajibu nusu. Wamarekani wa mradi wa Balota walikwenda njia nyingine: washiriki wengi, kila mmoja akaona sehemu ndogo, na kila neno likapata majibu 34 hivi. Faida ya watu wachache wanaojibu kila kitu ni kwamba mnaweza kuchunguza akili ya mtu mmoja kwa undani. Hasara yake ni kwamba 39 hao watakuwa wanafunzi wa mji mmoja, wa rika moja.

Kwa maneno 20,000 fanyeni hesabu hivi. Majibu 40 kwa kila neno ni majibu 800,000, na bandia idadi hiyohiyo, jumla milioni 1.6. Kila jibu pamoja na alama na pumziko fupi ni sekunde 2, kwa hiyo sekunde milioni 3.2, sawa na saa 890 hivi. Mshiriki akifanya saa 4 kwa jumla, siku mbili au tatu, mnahitaji watu 222. Wapo watakaoacha njiani na wapo watakaobonyeza ovyo, basi pangeni 250. Kwa euro 14 kwa saa, watu 250 wa saa 4 kila mmoja ni euro 14,000, bila kuhesabu muda wa mapumziko wala mshahara wa msimamizi. Kama fedha hazifiki, punguzeni maneno msipunguze majibu kwa kila neno. Maneno 12,000 yaliyopimwa sawasawa yanatumika. 20,000 yenye majibu 15 kila moja yatampa kila mtafiti wastani unaoyumba.

Mtapimaje kama yameyumba? Gawa washiriki makundi mawili kwa kura, tafuta wastani wa kila neno katika kila kundi, linganisha. Makundi mawili yakipanga maneno kwa mfuatano unaokaribiana, data yenu inaaminika. Kabla ya hapo weka muda wa kila mtu kwenye kipimo chake mwenyewe, yaani ni kwa kiasi gani jibu hili lilikuwa chini au juu ya wastani wake, ukizingatia anavyotawanyika. Bila hivyo mzee mpole mmoja akikutana na neno fulani ataligeuza neno hilo kuwa gumu.

Nimetaja mzee kwa makusudi. Msichukue wanafunzi tu. Kijerumani tayari kina mfano mzuri wa kuangalia umri: mradi wa Pauline Schröter na Sascha Schroeder uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Taasisi ya Max Planck ya Berlin ulipima maneno 1,152 kwa watoto zaidi ya 800 wa darasa la kwanza hadi la sita, pamoja na watu wazima vijana na wazee, kwa jaribio hilihili na kwa kusoma kwa sauti. Hakikisheni maneno yao yote 1,152 yamo katika 20,000 yenu. Haitawagharimu chochote, na hazina zenu mbili zitaweza kuzungumza: mtu atalifuata neno moja kuanzia mtoto wa miaka saba hadi bibi wa sabini.

Mitambo sasa, kwa kifupi. Skrini ya kawaida huchora picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 17 hivi, na hilo halina madhara mkishajua. Programu huria kama jsPsych hupima muda ndani ya kompyuta ya mshiriki, kwa hiyo intaneti ya polepole haigusi majibu. Kompyuta moja ikichelewa kidogo kuliko nyingine, inachelewa kwa maneno yote, na kipimo cha mtu mwenyewe kinaifuta tofauti hiyo. Zuieni simu. Tumieni vitufe kwa mahali vilipo kwenye kibodi, msitumie herufi zilizoandikwa juu yake: kibodi ya Kijerumani imebadilishana Y na Z, na mshiriki mwenye kibodi ya Kiingereza atabonyeza kona nyingine kabisa.

Kuna jambo dogo la faili ambalo nimeona likitesa vikundi vizuri. Herufi ä inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili: kama alama moja, au kama a ikifuatiwa na vidoti peke yake. Kwenye skrini hazitofautiani hata kwa darubini. Kompyuta lakini inaona Mädchen mbili tofauti, na ukiunganisha jedwali la majibu na jedwali la korpasi, maneno yote yenye vidoti yanadondoka kimyakimya. Amueni namna moja siku ya kwanza, muipitishie kila faili inayoingia, na kila mnapounganisha hesabuni mistari kabla na baada. Mkiona MÃ¤dchen, faili imefunguliwa kwa usimbaji, yaani namna ya kugeuza herufi kuwa namba, usio wake. Rudini nyuma, msirekebishe kwa mkono.

Makosa yasiyorekebishika uliyoniuliza, la mwisho ni hili la kutupa data ghafi. Vikundi vingi huchapisha wastani kwa kila neno na kufunga kabati. Toeni kila jibu: nani, neno gani, lilikuwa la ngapi katika mfuatano, saa ya ngapi ya kikao, kitufe gani, milisekunde ngapi. Pamoja na makosa. Pamoja na jibu la milisekunde 90 ambalo ni kidole kilichoteleza, na la sekunde 6 ambalo pengine mtu alipiga chafya. Wekeni safu inayosema tumelitenga jibu hili na kwa nini, lakini msilifute. Mwingine atakuja kuuliza kama neno Arzt, daktari, linajibiwa haraka zaidi likitanguliwa na Krankenhaus, hospitali, na bila mfuatano hana pa kuanzia. Mwingine atauliza watu huchokaje. Mwingine atapima kama mfumo wa lugha wa kompyuta unakwama palepale binadamu anapokwama. Wote hao wanaishi kwenye data ghafi.

Kwa kuwa mtatoa kila jibu, linda watu wako. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data imeanza kutumika 25 Mei 2018 na chuo chenu kitawadai. Idhini iandikwe tangu mwanzo kwamba majibu yatawekwa wazi kwa ulimwengu bila jina. Ukisahau sentensi hiyo utalazimika kuwatafuta watu 250 mmoja mmoja. Umri uwe kwa makundi, mahali pawe jimbo wala si mtaa, namba ya mshiriki ipigwe kura upya, anwani za kompyuta zifutwe kabla faili haijatoka chuoni.

Leseni chagueni inayomruhusu kila mtu, hata mwenye biashara, kwa sharti la kuwataja tu, CC BY. Hesabu za korpasi za watu wengine angalieni masharti yake kabla ya kuzinakili. CELEX kwa mfano, hazina ya msamiati wa Kiholanzi, Kiingereza na Kijerumani, inauzwa kwa leseni, na safu zake haziwezi kumwagwa ndani ya faili yenu. Pale mnapokatazwa, toeni msimbo wa programu unaounganisha, na mwenye CELEX yake ataunganisha mwenyewe. Faili zihifadhiwe mahali panapotoa namba ya kudumu, kama Zenodo au PsychArchives ya Trier, na kila toleo libaki pale. Mkirekebisha kosa, toeni toleo la pili, la kwanza lisiondolewe, kwa sababu kuna tasnifu itakayokuwa imeandikwa juu yake.

Najua pia, ingawa hukuuliza, kwamba unawaza Kiswahili. Wengi wetu tulioingia fani hii kupitia lugha za Ulaya tunawaza hivyo. Korpasi ipo: ya Chuo Kikuu cha Helsinki, yenye maneno mamilioni na yenye kuchambuliwa kisarufi. Swali la ambatani la Kijerumani kwetu linageuka kuwa swali la kitenzi. Hawatatukumbusha ni neno moja kwenye ukurasa, lina viambishi vinne mwanzoni, kisha shina kumbush linalotokana na mzizi kumbuk, na idadi yake katika korpasi haikuambii lolote kuhusu wepesi wa kulisoma. Safu zilezile za sehemu za neno mtakazozibuni kwa ajili ya Haustürschlüssel zitahitajika hapa pia. Kwa hiyo andika msimbo wako sasa ukijua kwamba utaulisha lugha nyingine, na usiandike popote ndani yake kwamba neno lina sehemu mbili au tatu tu.

Kwa mwezi huu, fanyeni hivi. Chagueni maneno 500 yaliyotawanyika: mafupi, marefu, ambatani 150, nomino na vitenzi, na yale ya Austria na Uswisi msiyasahau. Tengenezeni bandia 500, zikaguliwe na watu, pimeni uvujaji. Kaeni na washiriki 20 ana kwa ana, na baada ya kila mmoja kumaliza muulize swali moja: ulijuaje lipi si neno? Andikeni majibu yao neno kwa neno. Mmoja akisema alikuwa anaangalia mwisho wa neno, mmeokoa euro 14,000. Ukishapata majibu hayo niandikie tena, na uambatishe orodha nzima ya bandia, maana ningependa kuisoma mwenyewe.